Meno Sita ya Chini

...dakika tatu, ndivyo mkebe unavyosema, lakini maji ya leo yametoka mtungini, baridi, kwa hiyo tuseme nne, labda nne na nusu, na mpaka zitimie vidole vyangu havitoki kwenye kijiko hiki cha chuma, kimoja kulia, kimoja kushoto, kidole gumba chini ya kidevu, usisukume, usilegeze, uji huu wa pinki wa kupimia meno ukitikiswa kabla haujashika unatoa umbo la uongo na meno yakishatengenezwa hayamkai mtu, niliwafundisha haya jana na juzi na sasa wako wanne nyuma yangu na makoti yao meupe wanaangalia kama daktari mwenyewe anafanya anayoyasema, ninafanya, si mnaona, "Pumua kwa pua, Mama, polepole, hivyo hivyo," na Mama anapumua kwa pua, macho yametulia, huyu hajui kukaa vibaya, tangu saa mbili asubuhi alikuwa pale kwenye benchi ya korido na gauni lake la kanisa na mfuko wa njugu mapajani, "Za madaktari wadogo," akasema, nami nikaupokea ule mfuko kama ninavyoupokea kwa mgonjwa yeyote, asante Mama, karibu ndani Mama, na hapa Kisumu nani atashangaa, kila mwanamke mwenye mvi ni Mama, kwa hiyo hakuna anayejua, si Ouma, si Nabalayo, si wale wawili wengine, hakuna anayejua kwamba leo asubuhi tulikunywa chai meza moja kwangu Migosi, kwamba nilimfunga vifungo vya gauni mgongoni, kwamba aliniuliza akiwa amenigeuzia mgongo hivyo hivyo, sasa huko nikuite nani, nikamwambia niite Daktari tu, ni kwa sababu ya wanafunzi, haipendezi daktari kumtibu mtu wa nyumbani kwake mbele ya darasa, akacheka, akasema ber, ni vizuri, nitakuita Daktari, kwani nilikusomesha uitwe nani... dakika moja haijaisha. Saa ya ukutani ina mkono mwembamba unaosimama kidogo kwenye kila alama, sijawahi kuona saa mvivu hivi, na kule kwenye meza kompyuta inalia, ule mlio wake wa kukwaruza ikipigia Nairobi simu, kisha kimya, kisha Nabalayo, "Daktari, imeshika! Somo la nne inaingia," na wenzake wanacheka kwa furaha kama timu yao imefunga bao, maana wiki iliyopita laini ya simu ilikatika mara sita na somo la tatu tukalisoma vipande vipande, Mungu wangu, mwaka wa tisini na nane huu, daktari wa meno anasubiri simu ili afundishe, lakini mpango ndio huo, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatumwa huku wawashike wazee kwa mikono na masomo yenyewe yanakuja kwa kompyuta kutoka kwa Joram, Joram Simiyu, yeye ndiye anayeyapanga kule, mimi ni mikono na yeye ni sauti, alisema hivyo mwenyewe, "Dada Dorca, wewe mikono, mimi sauti," na nikaona ni maneno mazuri. Somo la nne ni pengo la meno ya mbele chini. Ndiyo sababu ya uji huu, ndiyo sababu ya Mama kuwa kwenye kiti hiki, nilitafuta mzee mwenye pengo la chini na meno mengine mazima, wiki mbili nilitafuta, wengine walikataa, mmoja wa Obunga alisema tunataka kuwafundishia watoto mdomoni mwake kama shamba la shule, na Mama akanisikia nikilalamika akasema si mimi ninalo hilo pengo, nichukue mimi, akasema kama anajitolea kubeba debe la maji.

"Picha inaanza," Nabalayo anasema, na picha kwenye mtambo huu haiji yote, inashuka utepe kwa utepe kutoka juu, unakaa unangoja kama unangoja pazia la dirisha lishuke, utepe wa kwanza ni weupe wa mbingu tu, wa pili mbingu, kwa hiyo imepigwa nje, mgonjwa fulani wa nje, na sasa kitambaa cha kichwa, buluu na maua meupe, haya, vitambaa vile vilijaa soko la Katito, kwetu Nyakach, mwaka ule, kila mama alikuwa nacho, si lazima kiwe... na skrini imemwelekea Mama moja kwa moja, kwa nini niliiweka pale, kwa sababu soketi inayofanya kazi ni moja na waya ni mfupi, hiyo tu ndiyo sababu, kiti huku, skrini kule, mgonjwa anaangalia somo lake mwenyewe, nilifikiri hata itamchangamsha, tepe nyingine, paji la uso, na juu ya nyusi ya kushoto kuna kovu dogo lililopinda, la jembe, la mwaka wa njaa, nililigusa kovu hilo kila siku nilipokuwa nabebwa mgongoni na kichwa chake kikigeuka, hapana. Hapana, Joram. Nilikwambia kata macho. Nilikwambia kwenye simu mwezi wa tatu, uliniuliza, "Dada, ile slaidi yako ya mama wa Nyakach bado iko kwenye sanduku la idara, ni safi sana, niitumie?" nikakwambia itumie lakini kata kuanzia pua kwenda juu, watu wasimjue, nawe ukasema, "Hiyo si shida, nitakata," ukasema nitakata, sikuota, nilikuwa nimesimama kwenye ofisi ya karani na kidole kwenye sikio la pili kwa sababu ya kelele ya nje, nikalisikia neno zima, na sasa macho hayo yanashuka, la kulia, la kushoto, yamekunjwa kidogo kwa jua, macho ya Mama yakinitazama kutoka kwenye meza ya serikali na macho ya Mama yakinitazama kutoka kwenye kiti, hapana, hayanitazami mimi, yanatazama kule. Ameona. Amejiona. Nahisi taya limesogea chini ya kidole gumba changu, kidogo tu, halafu likatulia, na mimi siwezi kwenda, siwezi kuuacha mkono, ni hatua tano mpaka kwenye ule waya, hatua tano ningeung'oa ukutani kazi ikaisha, na siwezi, nikitoa mkono uji utamwendea kooni, na nikimwambia Nabalayo azime atauliza kwa nini... msaliti, hilo ndilo neno, msaliti, mtu niliyemwandikia maelezo ya mhadhara miezi miwili alipolazwa na homa ya ini, niliyemtetea kwenye kamati walipotaka kumpa mpango huu mtu mwingine, anayeniita dada mpaka wenzetu wakadhani tumezaliwa pamoja, na kazi ya mkasi ya dakika moja imemshinda, au haikumshinda, aliona macho yanapendeza, aliona picha yenye macho ndiyo watakayoisifu wale wazungu wanaoutolea mpango fedha, akasema Dorca hatajua, Dorca yuko Kisumu, na picha imekwenda kwa vyuo vingapi, vitatu? vinne? wanafunzi mia ngapi sasa hivi wamekaa mahali na mama yangu anashuka mbele yao utepe kwa utepe.

"Daktari," hiyo ni sauti ya Ouma, ya chini, "huyu kwenye picha si ni kama Mama hapa?" na Nabalayo, "Wacha! Ni yeye kabisa, ona kovu," na wanageuka wanne wote, wanamtazama Mama, wanaitazama skrini, na yule mmoja anachekacheka kwa aibu, nasema "Ndiyo, alishawahi kupigwa picha," sauti yangu inatoka vizuri, namshangaa huyo anayesema kwa sauti yangu, "alitusaidia zamani. Endeleeni kusoma," kwa nini nimesema endeleeni, na pua imeshuka, na mdomo, uko wazi, umevutwa chini na kidole, kidole cha nani, changu, gumba langu kwenye glovu, nimevuta mdomo wa chini mpaka ufizi wote unaonekana, laini, umefunga vizuri, umeng'aa kwa mate na jua, pengo la meno sita, jino la chonge huku hakuna na jino la chonge huku hakuna na katikati yote hakuna, limekatwa sawasawa kama lango. Na ni lango kweli, Mama mwenyewe ndivyo alivyonieleza nikiwa mdogo, mtu akishikwa na ule ugonjwa wa kufunga taya atapitishiwa uji hapo, hatakufa kwa njaa, na vilevile ukicheka watu wanajua umetoka kwa nani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa mtu wa misheni, akamkataza, akamwambia mtoto wa kanisa haendi kung'olewa meno na watu wa dunia, na Mama akatoroka mchana kweupe akaenda kwa nyanya yake ng'ambo ya mto, akalala chali na wasichana wengine wa rika lake, mzee wa kung'oa akaja na chuma chake bapa, na sharti lilikuwa moja, usitikisike, anayetikisika anatajwa mpaka uzeeni, na Mama hakutikisika kwa meno yote sita, alinihesabia kwa vidole, moja nilitazama wingu, mbili nilitazama wingu, aliporudi nyumbani baba yake hakusema naye mwezi mzima na yeye hakujali, alicheka tu, alikuwa anacheka kila mahali ili waone. Na angalia anavyokaa sasa. Hajatikisika. Watu wazima wakiwekewa uji huu wanakohoa, wanashika mkono wangu, wanarusha miguu, yeye ametuliza mikono juu ya njugu... hapana, njugu ziko kwangu mezani, ametuliza mikono mapajani tu, na ninachokifanya mimi hapa ni nini, ninapima lango nilizibe. Alikuja nalo miaka sitini na tatu na mimi nimechanganya uji kuliziba kwa sababu somo la nne linataka pengo. Hakuomba meno. Hajawahi kulalamika kuhusu meno, anatafuna mahindi ya kuchoma kwa magego kuliko mimi, aliuliza kitu kimoja tu, "Na nikifa nitazikwa nayo?" na mimi nikacheka nikamwambia yanatoka Mama, unayaweka kwenye kikombe, akasema haya basi, kama yatakusaidia kazini.

"Maneno imefika," Nabalayo anasema, na anasoma kwa Kiingereza chake safi cha shule za Bungoma, kwa sauti, kwa sababu nimewazoesha kusoma kwa sauti, mwanamke wa kijijini, umri unakaribia miaka sabini, meno sita ya mbele chini yamepotea kwa sababu ya kutotunza kinywa, wazee wa aina hii huja kwa daktari wakiwa wamechelewa. Halafu Ouma anasogea karibu na kiti na najua anachotaka kufanya, Ouma usifanye, lakini nilimfundisha mwenyewe, somo la kwanza, nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa, usizungumze juu ya mzee kana kwamba hayupo chumbani, kila kinachosemwa mwelezee kwa lugha anayoifahamu, na Ouma ndiye mwanafunzi wangu mzuri, Ouma hasahau, anainama kwa heshima na mikono nyuma na anaanza kumwelezea Mama kwa Kijaluo, Mama, hapo wamesema wewe ni mama wa kijijini, wamesema miaka yako inakaribia sabini, na Mama anafumba macho kuonyesha amesikia, wamesema meno yako sita yaliisha kwa sababu hukuwa unasafisha... na anasita. Anaitazama skrini. "Lakini hii ni uongo," anasema kwa Kiswahili, "Daktari, hii ni uongo kabisa. Dani yangu, nyanya yangu, yuko hivi hivi. Hii si uchafu, hii ilitolewa. Kila mtu anajua hii," na Nabalayo, "Hata kwetu walikuwa wanatoa, nyanya yangu alitolewa mbili. Sasa huyu mwenye aliandika ni nani?" na Ouma, "Si ni huyo Simiyu wa Nairobi. Mtu amekaa kwa ofisi huko na anatusi wazee," na Nabalayo anasema na si ni mtu wa kwetu Bungoma, angejua, na Ouma anamgeukia Mama, pole Mama, pole sana, usisikie hiyo, ni mtu wa Nairobi ameandika, Daktari atamwandikia. "Si utamwandikia, Daktari?" Ndiyo. Bila shaka. Nitamwandikia. Nitamwandikia leo hii barua ambayo ataisoma akiwa amesimama, nitamwambia Joram Simiyu umeuza sura ya mzee wa watu na juu yake ukaongeza uongo ambao hata mtoto... ambao hata wewe, wewe hasa, nyanya yako mwenyewe, uliniambia habari za nyanya yako siku ile kwenye chumba cha giza, chumba cha slaidi, mwaka wa tisini na moja, mwaka wetu wa mwisho, kila mwanafunzi alileta mgonjwa wake mmoja kwenye picha, profesa alikaa mbele na mgeni wake, na ilipofika zamu yangu picha ikatokea kubwa ukutani, ukubwa wa mlango, na Joram aliyekuwa nyuma yangu akanyoosha mkono, ndiyo, alinyoosha mkono, akauliza vizuri tu, "Hawa si wale wanaong'olewa? Nyanya yangu alikuwa hivyo," na chumba kikageuka kunitazama mimi, Mjaluo peke yangu mle ndani siku ile, na niliwaza siku ya wazazi shuleni, Mama amekuja na debe la maandazi, anaongea na mwalimu na upepo unamtoka kwenye pengo, na wasichana bwenini jioni wanavuta mdomo wa chini ndani wanaongea kama yeye, mmoja baada ya mwingine, wanacheka mpaka wanalia, na mimi nacheka nao. Nikasema hapana. Nikamwambia Joram mbele ya wote, hapana, huyu hakung'olewa, huyu ni kutotunza kinywa tu. Profesa akauliza unamfahamu mgonjwa, nikasema ni mama tu wa sokoni Katito. Na Joram akaamini. Kwa nini asiamini, mimi ndiye niliyekuwa Nyakach, mimi ndiye niliyeshika mdomo. Maneno yale si yake, hajaongeza hata koma, ni yangu, kwa herufi zangu, kwenye karatasi ndogo iliyogundishwa kwenye slaidi, wazee wa aina hii, nilipenda ule mtindo, nilifikiri ndivyo madaktari wanavyoandika. Macho hakuyakata, hilo ni lake, nalo nitamwambia. Hayo mengine... Miaka saba yamelala kwenye sanduku yakimngoja Mama, na asubuhi ya leo nimemvalisha gauni nikamleta mwenyewe.

Bado haujashika. Nagusa mabaki kwenye bakuli kwa mkono mwingine na yananata, bado, sekunde arobaini labda, na Ouma anangoja jibu, amekunja uso kwa ajili ya mama yangu kuliko nilivyowahi kuukunja mimi, anasema tena, "Daktari, usinyamaze hii maneno, jina la huyo mtu iko hapo chini, tunaweza kuandika sisi wote tuweke sahihi," na nikisema ndiyo inatosha, kila kitu kinakwenda kwa Joram, wanafunzi watanipenda, Mama ataamini ni mtu wa Nairobi, kwa sababu Mama hasomi Kiingereza, hajui herufi za nani ni za nani, hawezi kujua... lakini siku ya picha alikuwepo. Ni yeye aliyekaa kwenye kiti nje ya nyumba na jua usoni, nikapiga picha tatu, nikavua glovu, nikakaa kwenye kizingiti nikatoa kalamu, na akaniuliza, akiwa anajipangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa cha buluu, nyathina, mwanangu, unaandika nini hapo, na nikamjibu, bila kuinua kichwa, naandika jina lako, Mama, wajue ni wewe. Akafurahi. Alilitaja kwa wanawake wote wa kanisani, jina langu liko Nairobi kwenye chuo cha madaktari, Selpha Anyango, limeandikwa na mtoto wangu. Na leo Ouma amemtafsiria kila kitu kilichoandikwa chini ya uso wake, amemwelezea kwa heshima, hakuacha kitu, na jina halimo. Nataka kuutoa huu uji sasa kabla haujakomaa, uharibike, umbo liwe la uongo, yasitengenezwe meno yoyote kutoka kwake, na sitoi, mkono umeshikilia kwa mazoea, na macho yake yametoka kule kwenye skrini, taratibu, yamempita Ouma, yamekuja kwangu, hayana hasira, heri yangekuwa na hasira, yananiuliza kitu na yeye hawezi kukiuliza, mkono wangu uko mdomoni mwake.